Kipimo cha Pili

Kisangani,
Jumapili, baada ya mvua

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kwenye kiti chako cha kamba, mguu mmoja juu ya kanyagio la cherehani, na goti la kushoto limepoa kuliko nilivyoliacha. Ile dawa ya kuchua unaipaka, au umeshamgawia mzee mwenzio kwa ukarimu wako usiokwisha? Na Mama, presha yake inaendeleaje? Mwambie chumvi ni chumvi tu, hata akiificha ndani ya dagaa. Mimi mwilini ni mzima, alhamdulillahi. Nimesema mwilini, na kwa kuwa wewe hupima maneno kama vitambaa, najua umeshakunja uso.

Mji nimeuzoea. Nakwenda huku na huku kwa baiskeli za abiria wanazoziita toleka, na nimeshaanguka nazo mara mbili tu, mara zote mbele ya watu wengi. Nikifungua kinywa wanacheka, wanasema naongea kama redio, wameniita Docta wa Kiswahili bora na jina limeshika. Mahema yetu ya matibabu yako karibu na mto. Ng'ambo kuna jamii mbili zinazogombea ardhi, na kila wakichomeana nyumba majeruhi wanavushwa kwa mitumbwi mpaka kwetu. Hayo nilishakueleza.

Ambalo sikukueleza ni hili: barua yangu iliyopita ilikuwa na uongo. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu kwenye karatasi nyingine nikaichana, kwa hiyo leo naiweka mapema kabla sijaanza kukupambia habari. Ndiyo ile barua uliyowasomea watu barazani kwako baada ya sala ya Ijumaa, mpaka sheikh akaniombea dua na Mzee Kasimu akalia. Nilikwambia Mungu amenijalia kumrudisha mvuvi mmoja aliyekwisha kukatiwa tamaa. Mvuvi yupo, na alirudi kweli. Aliyemkatia tamaa ni mimi, na aliyemrudisha si mimi.

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Lakini juzi mdogo wangu Rashidi kanipigia simu, sauti imejaa furaha, ananiambia picha yangu na yule mvuvi umeitia fremu ukaitundika juu ya cherehani, na kwamba mkewe akijifungua mtoto wa kike ataitwa jina langu. Nikamwambia mtandao mbaya, simsikii, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Sasa nisikilize. Majeruhi wakija wengi kwa mpigo, daktari mmoja husimama mbele kuwagawa. Anawafunga utepe mkononi. Mwekundu ni wa kutibiwa sasa hivi, wa njano anaweza kungoja kidogo, wa kijani anaweza kujikokota mwenyewe. Mweusi ni wa aliyekufa, au wa yule ambaye ukimhangaikia utawapoteza wanne ambao wangepona. Kila mtu anapewa sekunde chache tu, na naapa kushona utumbo ni rahisi zaidi. Lakini kazi hiyo ina sharti. Ukishamaliza kugawa, unarudi kupima upya, na unaanzia kwenye pembe ya weusi, kwa sababu kipimo cha kwanza ni cha haraka na binadamu hukosea. Siku waliyotufundisha nilikukumbuka wewe na futi yako shingoni, mteja amechoka kusimama nawe unamwambia, "Nyoosha mkono tena bwana, kile cha kwanza kilikuwa kipimo cha macho." Nilijiona nimelelewa kwa kazi hii.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na mgawaji nilikuwa mimi. Mitumbwi mitano ilifika kwa pamoja. Katika mmojawapo alikuwamo mzee anayeitwa Papa Bolamba, mvuvi wa Wagenia, pale mto unapoanguka kwenye mawe na wenyeji wanatega samaki kwa madema makubwa yaliyofungwa kwenye miti. Alikuwa amevuka kumtembelea binti yake aliyeolewa ng'ambo, na panga halikumuuliza ametoka wapi. Alilazwa chini kabisa ya mtumbwi, ndani ya maji, wengine wamekaa juu yake. Kichwa kimechanika, damu imetapakaa hata sura haionekani. Nikamshika kifundo cha mkono. Cha baridi, na mapigo sikuyapata.

Baridi ile ilikuwa ya maji ya mtumbwi, Baba. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angejua hilo. Na ngozi ya kichwa hutoa damu nyingi hata kidonda kisipokuwa kirefu. Yote hayo nayajua na nimeyafanyia mtihani nikafaulu. Nilimwangalia kwa muda ambao wewe unafunga kifungo kimoja, nikasema, "Mweusi. Twende," nikamwendea mwingine. Binti yake alikuwa amemshika mguu.

Tulimaliza kugawa kabla ya saa sita. Hapo ndipo nilipotakiwa kurudi. Nikaitazama ile pembe, mikeka minne chini ya turubai, na miguu ikakataa. Sitaki kusema nilichoka, ingawa nilichoka. Niliogopa. Niliogopa kumkuta mmoja ana uhai, maana ningejua nimekosea, na wewe unanijua ninavyochukia kukosea mbele za watu. Nikaenda nyuma ya hema la dawa, nikamimina chai ya chupa, nikatia sukari vijiko vitatu, nikanywa nimesimama. Kutoka pale hadi kwenye mkeka wa Papa Bolamba hazifiki hatua kumi. Nikavuta daftari, na kwenye mstari wa weusi nikaandika: "Wamepimwa upya na daktari." Nikatia saini yangu.

Hapa nikutambulishe Mama Zaina, maana katika barua ile hukumsikia kabisa. Ni muuguzi, mwenyeji wa mji huu, umri wake kama Shangazi Mwamvua. Ni Mwislamu, wa zile familia ambazo mababu zao walifika na misafara ya biashara enzi hizo. Siku nilipomwambia kwetu ni Ujiji alinikumbatia mbele ya wagonjwa. "Ujiji! Docta, we iko ndugu yangu kabisa! Babu ya babu yangu alitokaka kule na miguu!" Tangu siku hiyo kila Ijumaa aliniletea lituma, ndizi za kuchemsha zilizopondwa na kufinyangwa, na kuniuliza nitaolewa lini, kama shangazi wa kweli.

Siku ile alipangwa kwenye hema la njano. Nilipotokeza na kikombe changu nikamwona amepiga magoti kwenye pembe ya weusi. Amemvua yule mzee nguo zilizolowa, amemfunika kwa kitenge chake mwenyewe, mkono mmoja umekandamiza kitambaa kichwani, mwingine uko shingoni. Mfuko wa maji ya mshipa ameuning'iniza kwenye kamba ya turubai.

"Mama Zaina! Unafanya nini huku? Nani amekutuma?"

"Docta, huyu mutu iko anapumua."

"Ana utepe mweusi!"

"Utepe haijue kitu, Docta. Kuya, shika hapa kwa shingo."

Nikashika. Mapigo yalikuwepo, ya polepole na ya mbali, lakini yalikuwepo. Unajua nilifanya nini kwanza? Nilimfokea. Nilimfokea mama wa watu mbele ya wenzake kwamba ameacha kituo chake bila ruhusa. Ndipo nikakata utepe mweusi nikafunga mwekundu. Mzee akapelekwa hospitali, akashonwa, akaongezewa damu, akapona.

Kwenye hema la njano, wakati Mama Zaina hayupo, mgonjwa mmoja alijing'oa sindano akavuja damu kidogo. Haikuwa hatari, ila iliandikwa, na kesho yake mratibu wetu akatuita. Mama Zaina akaeleza alikokuwa na kwa nini. Mratibu akafungua daftari, akakuta mwandiko wangu. Kwa daftari lile, aliyegundua kwamba mzee yu hai ni mimi, na Mama Zaina alikuwa anazurura. Akanigeukia. "Daktari, ulimtuma?"

Nikajibu, "Sikumtuma."

Ni kweli, Baba. Sikumtuma. Sijawahi kusema kweli chafu namna ile. Mama Zaina aliniangalia, akangoja niendelee, na mimi nikakazana kuangalia viatu vyangu. Wauguzi wengi wa hapa wameajiriwa kwa siku, hawana mkataba wa kuwalinda. Jina lake likafutwa kwenye orodha kabla ya mchana.

Baada ya kama mwezi na nusu Papa Bolamba akaja kutushukuru, amekumbatia samaki mkubwa aliyefungwa kwa majani. "Docta," akasema, "kwetu mutu akikutoa mu mayi ya mto, unamupatia samaki." Watu wakapiga makofi. Mpiga picha wa shirika akatusimamisha pamoja. Nikasema asante, nikasema lo, samaki gani huyu, nikacheka kwa ajili ya picha. Jioni mpishi wetu akampika kwa mawese na pilipili, nami nikala mpaka kichwa. Nilipomaliza kunawa nikakaa nikakuandikia ile barua. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, ulizoea kuniambia. Mimi nilidiriki, na mpaka leo imenikwama kooni.

Basi simu ya Rashidi ndiyo iliyonivunja. Jana ilikuwa zamu yangu ya mapumziko, nikapanda toleka mpaka Simi-Simi, karibu na uwanja wa ndege wa zamani, anakokaa Mama Zaina. Nilimkuta nje ya nyumba yake na karai la mafuta, anakaanga mikate, yale maandazi madogo ya mviringo ya huku.

"Docta ya Kiswahili bora," akasema bila kuinua macho. "Ikala."

Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimejipangia hotuba nzima njiani, yote ikapotea. "Mama, nimekuja kukuomba radhi," nikasema.

Akageuza mikate upande wa pili. "Ile samaki ya Papa, ulikula?"

"Nilikula."

"Ilikuwa tamu?"

"Tamu, Mama."

Akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitenge, na mimi nimekaa pale natamani anitukane. Ningeyapokea matusi yake kwa mikono miwili.

"Bon," akasema alipotulia. "Mi ulinitoa kazi tu. Unaona, niko nauza mikate, watoto wanakula. Lakini Papa, ye ulimutoa mu dunia. Sasa unakuya kwangu mbele juu ya nini? Enda kwa ye kwanza."

"Nikitoka kwake nirudi?"

"Ukitoka kule utajua kama uko na miguu ya kurudi." Akanifungia mikate mitano kwenye karatasi. "Ya Papa. Usikule njiani."

Nilimkuta Papa Bolamba kando ya maji, amekaa juu ya jiwe, anakaza kamba za dema lililolegea. Kovu linatoka kwenye paji la uso hadi nyuma ya sikio. Nilidhani nitamwambia polepole, sikioni, kama watu wanavyoungama. Lakini Baba, pale mto unanguruma. Huwezi kunong'ona. Ilibidi nipaze sauti kama mchuuzi wa sokoni: "Papa, si mimi niliyekuokoa! Nilikufunga utepe mweusi nikakuacha!" Wavuvi waliokuwa juu ya miti ya mitego wakageuka wote.

"Najua," akasema mzee.

Nikafikiri hakusikia, nikarudia.

"Docta, acha makelele, nimesikia. Hata siku ile nilisikia. Macho ilikuwa imefungwa na damu, masikio ilikuwa wazi. Ulisema mweusi, twende. Mi sikujua mweusi iko nini. Nilijua tu sauti ya mutu yenye iko inaenda."

Nikamsogelea na ile mikate mkononi. "Kama ulijua, mbona uliniletea samaki?"

Akaweka kamba chini. "Mama Zaina nilimupelekea yake kwa nyumba, asubuhi ile ile. Kubwa kupita yako." Hapo nikaelewa kicheko cha Simi-Simi. "Yako nilileta juu nilitaka uniangalie. Mara ya kwanza hukuniangalia. Nikajiambia, nikiwa na samaki mu mikono ataniangalia. Alors, ukaangalia samaki."

 

Nilimuuliza kama ninaweza kumwangalia sasa. Akanisogezea kichwa. Nikalipapasa kovu, nikamwangalia macho, kisha nikamshika kifundo cha mkono, kile kile, nikahesabu mapigo dakika nzima kwa saa yangu. Ana baka dogo chini ya jicho la kulia. Jino moja la mbele limepinda. Akikaa kimya anatafuna shavu kwa ndani, kama unavyofanya wewe ukitunga uzi kwenye sindano. Nilikuwa nimepiga naye picha na kula samaki wake, na hayo yote sikuwa nimeyaona. Nimeona aibu nyingi maishani mwangu, Baba, lakini ile ya jana, nimeshika mkono wa mzee aliyenivumilia kuliko nilivyostahili, sijui niilinganishe na nini. Tulikula mikate ya Mama Zaina, mitatu yeye, miwili mimi.

Miguu ya kurudi Simi-Simi nilikuwa nayo, ingawa ilikuwa mizito. Na leo asubuhi nimempelekea mratibu maelezo ya kurasa mbili pamoja na lile daftari, nikamwonyesha mstari wa uongo na saini yangu chini yake. Hakupiga kelele. Aliniambia nisiguse kazi ya kugawa majeruhi mpaka wakubwa wake waamue, na kwamba Mama Zaina atarudishwa kesho kama mwenyewe atakubali. Mama Zaina amejibu kwamba atafikiri akimaliza gunia lake la unga. Kwa hiyo huenda nikarudi nyumbani mapema kuliko tulivyotarajia, na msije na watu kunipokea.

Baba, nakuomba jambo zito. Barua hii isome pale pale barazani uliposomea ile nyingine, mbele ya watu wale wale, na usiruke kitu kwa kunionea huruma. Najua aibu ni yangu lakini watakaotazamwa ni wewe na Mama, na kwa hilo naomba radhi kuliko kwa yote. Wewe ndiye uliyenifundisha. Mshono ukikosea hufumui chumbani, unafumua mbele ya mteja, aone. Na ile picha, iteremshe. Koti nililovaa humo ulinishonea wewe, na hata kulitazama siwezi.

Mama msomee wewe mwenyewe kwanza, akiwa ameketi. Shangazi Mwamvua, aliyewaambia mashoga zake wote, mwambie awapitie tena mmoja mmoja. Mzee Kasimu wa duka la jirani nampa pole, machozi yake yalimwagika bure. Rashidi, mdogo wangu, mwambie mtandao siku ile ulikuwa mzuri, anisamehe. Na wifi yangu namwombea ajifungue salama. Akiwa mtoto wa kike, tafadhali msimbebeshe jina langu. Lipo jina la huku ambalo nimeliombea ruhusa jana, mwenyewe akiwa ameinamia karai lake, na akanijibu, "Sawa, mumuite Zaina. Lakini asikuwe docta yenye haraka."

Mwanao,
Mwanaidi